Nilihamisha sindano za uzazi wa mpango kabla ng'ombe hawajarudi

Wakuu, nawasalimu wote, mnaosoma mkiwa kazini na mnaosoma mkiwa mmejificha chooni.

Mimi humu ni msomaji wa miaka mingi. Nacheka, napita. Leo nimeamua kuleta la kwangu. Hii siyo chai. Majina nimebadilisha na kijiji sitakitaja, mengine yote nayaweka kama yalivyonikuta.

Niwaombe kitu kimoja tu, uvumilivu. Nikisimulia huwa napotea njiani. Mke wangu anasema nina ugonjwa wa ndoto za mchana, na sijawahi kumbishia.

Twende.

Miaka michache nyuma nilikuwa nakaa Bariadi. Nilikuwa kwenye mradi mdogo uliokuwa unasaidia zahanati za mkoa wa Simiyu kwenye jambo moja: sindano, vidonge na vifaa vingine vya uzazi wa mpango visikosekane. Mimi siyo daktari. Mimi ni mtu wa stoo na kompyuta.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila zahanati inatuma ripoti. Ulianza na dozi ngapi, umetoa ngapi, zimebaki ngapi, unaomba ngapi. Zile namba zinaingia kwenye sistimu, sistimu inapiga hesabu. Ukitumia nyingi unaletewa nyingi, ukitumia kidogo unaletewa kidogo. Na mimi nikiona kituo kimoja kimerundika na kingine kimekauka, nahamisha.

Kuna kitu lazima niseme mapema ili msinionee huruma. Mimi ni Msukuma. Nimezaliwa Nyalikungu, pale Maswa mjini, mzee wangu alikuwa na duka la spea za baiskeli. Kisukuma nakisikia, kukiongea najikongoja. Ng'ombe nimewajua wakipita barabarani na wakiwa kwenye sahani.

Sasa ilikuwa kiangazi, ule mwezi wa tisa ambao Bariadi inakuwa na rangi moja. Vumbi barabarani, vumbi kwenye majani, vumbi kwenye chai. Pamba imeshauzwa, mashamba yamebaki na ardhi tupu. Mchana hakuna anayetembea. Feni ya ofisini ilikuwa inazunguka polepole mpaka unaweza kuhesabu mapanga yake, na mimi nilikuwa nayahesabu.

Kwenye Excel yangu nilikuwa nimeweka rangi. Nyekundu kituo kimekauka, kijani kiko sawa, bluu kimerundika. Nilikuwa napenda sana zile rangi. Nilikuwa naweza kukaa nusu saa naziangalia tu, naona kama naangalia mkoa mzima kutoka juu mawinguni.

Basi nikaona bluu moja kali. Zahanati ya kijiji fulani ndani ndani huko, upande wa mashariki. Miezi mitatu mfululizo imetoa sindano chache mno, mwezi mmoja haikutoa hata moja. Na stoo kuna maboksi yamekaa. Huku upande wa Nassa, kule ziwani, kituo kimoja kilikuwa chekundu wiki ya pili.

Nikafungua ripoti ya ile zahanati ya bluu. Kwenye sehemu ya maoni, nesi alikuwa ameandika kwa mkono, herufi kubwa za shule ya msingi: NG'OMBE HAWAJARUDI.

Wakuu, nilicheka. Nilidhani mama wa watu amechanganya fomu, ya bwana mifugo na ya kwetu. Nikapiga picha nikaitupia kwenye grupu la WhatsApp la kazini. Watu wakaweka vikaragosi vya ng'ombe mpaka jioni. Mpaka leo nikikumbuka zile picha naona aibu.

Nikaandika karatasi ya kuhamisha. Gari likaenda, likabeba maboksi, likapeleka Nassa. Bluu ikawa kijani, nyekundu ikawa kijani. Kikao cha mwezi bosi akanisifia mbele ya watu. Akasema huu ndio mfano wa kutumia data. Nilivimba kichwa, siwafichi.

Mwezi wa kumi ukapita nikiwa juu ya hilo wingu langu.

Halafu mawingu yenyewe yakaja. Mliokaa Simiyu mnaijua ile siku. Asubuhi unaamka hewa ina harufu ya udongo uliolowa mahali fulani mbali, mvua haijafika kwako lakini unajua imenyesha kwa mwenzio. Watu wanakuwa wapole ghafla. Nilikuwa nimesimama dirishani na kikombe, naangalia anga upande wa Itilima limekuwa la zambarau, simu ikaita.

"Mwangaluka, mwanangu."

"Mwangaluka, mayu. Mhola?" Salamu za kwetu hizo, na mayu ni mama.

"Mhola duhu. Naitwa Nesi Holo, wa zahanati." Akataja kijiji. "Nimetoka likizo leo. Nimefungua stoo. Boksi langu la sindano liko wapi?"

Nikamweleza kwa heshima zote. Kwamba lilikuwa halitumiki, kwamba zingeweza kuexpire, kwamba kuna akina mama wengine walikuwa na uhitaji. Nilikuwa naongea ile sauti ya semina.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa hukohuko, kafanya kazi pale tangu jengo lina chumba kimoja. Alipoongea alikuwa mtulivu kabisa.

"Mwanangu, si niliandika ng'ombe hawajarudi?"

Nikaitafuta ile fomu mezani.

Ndipo akanifundisha. Pale kijijini, ngitili zikiisha, yale malisho wanayoyatunza kwa ajili ya kiangazi, wanaume wanaondoka na mifugo. Wanashuka mpaka mbugani Meatu, wengine wanapitiliza. Miezi mitatu, minne. Wanabaki wanawake, watoto, wazee na ndama wasioweza safari. Mwanamke ambaye mume wake yuko mbugani hana haja ya kuchoma sindano. Wengine inawavuruga siku zao, wengine inawapa kichwa kuuma. Kwa hiyo wanapumzika. Mwili nao unapata likizo.

Mvua za kwanza zikinyesha, ng'ombe wanageuza. Na wanawake wote wa kijiji, wiki ileile, wanakuja zahanati.

"Kila mwaka naliweka boksi mapema," akasema, "kwa sababu mvua ikichanganya, gari lenu halifiki. Mwaka huu nimeliweka, wewe umelichukua."

"Mayu, mbona hukupiga simu kunieleza?"

"Nilikueleza. Kwenye fomu."

Nilitafuta pa kujificha ofisini kwangu mwenyewe.

Akasema ng'ombe wameshaingia Itilima, watafika Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Kisha akasema, "Subiri, kuna mtu anataka kukusikia." Akampa simu mwanamke aliyekuwa amekaa mbele yake.

Nitamwita Mbuke. Sauti yake ilikuwa ndogo, haina haraka.

"Shikamoo."

"Marahaba, dada." Nilijibu tu, nafikiri alikuwa amenizidi umri.

"Mimi mtoto wa mwisho nilipasuliwa hapo Bariadi. Mfuko ulikuwa umechanika kidogo. Daktari akasema kizazi kikibeba tena kabla hakijapona vizuri, hajui kama ataweza kuniokoa. Mtoto ana mwaka na miezi. Mume wangu anarudi Alhamisi." Kisha akauliza, "Unaleta lini?"

Wakuu, kwenye Excel yangu hakukuwa na rangi ya hilo swali. Nikasema, "Kabla ya Alhamisi, dada." Akasema wabeja, yaani asante, akarudisha simu.

Najua mmeshaanza kuandika huko chini. Kondomu je? Zilikuwepo, boksi zima. Nesi Holo alinijibu hilo kabla sijauliza. Mume katoka mbugani miezi minne, mke anampokea na kondomu mkononi, maana yake anamwambia najua ulikuwa na mwingine huko. Au yeye ndiye alikuwa naye. Nyumba inaweza kuwaka moto kwa pakiti moja. Vidonge navyo Mbuke alishavijaribu, presha ikampanda, wakamkataza. Na kipandikizi kinataka uende Bariadi, ulaze mtoto kwa mtu, na uwe na maelezo ya safari.

Basi. Jumanne alfajiri nikapanda pikipiki yangu kuelekea Nassa kufuata boksi.

Ile safari naiota mpaka leo. Lami kutoka Bariadi kwenda Lamadi ilikuwa tupu, imelowa, inang'aa. Huku na huku watu walikuwa wameshaingia mashambani na majembe, wanatifua udongo mweusi, na mvuke unatoka ardhini. Kuna mahali nilipunguza mwendo bila sababu, nikawa naenda tu, nikahisi kama mimi nimesimama na mkoa ndio unapita. Kisha nikakumbuka ile sauti ndogo inayouliza unaleta lini, nikaongeza moto.

Nassa, nesi wa kituo alikuwa dada mmoja mkavu wa maneno. Nikamweleza shida yangu. Akanishika mkono wa shati akanipeleka barazani.

Kulikuwa na benchi. Akina mama wamekaa, wana kanga zimelowa, wengine wanaangalia ziwa, mmoja anamnyonyesha mtoto huku amesinzia. Wametulia.

"Sawa," akasema yule nesi. "Wewe ndiye utakayewaambia warudi nyumbani. Chagua wa kuanza naye."

Nilikuja nikijiona naenda kuchukua boksi langu, kumbe kila nikihamisha nilikuwa nahamisha watu.

Akaniacha nisimame pale kwa muda, nadhani kwa makusudi. Halafu akaingia stoo, akahesabu za wa siku ile, akahesabu za waliopangiwa wiki ile, akaniletea zilizobaki, kidogo zaidi ya nusu boksi. Akasema, "Mzigo wetu wa kawaida unaingia Jumatatu. Hizi naweza kukupa. Lakini hazitoki hapa bila karatasi, maana zilikuja kwa karatasi."

Na karatasi inataka saini ya bosi.

Na bosi alikuwa Maswa kwenye semina.

Wakuu, sheria ni nzuri, mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha kuifuata. Jumanne jioni nikarudi Bariadi mikono mitupu, nikampigia Nesi Holo kumwambia. Jumatano nikaenda Maswa, nikamsubiri bosi nje ya ukumbi mpaka wamalize kula. Akasaini akiwa anachokonoa meno, akaniuliza mbona haraka hivyo. Nikamwambia ng'ombe wanarudi. Akaniangalia kwa muda mrefu.

Alhamisi nikaenda tena Nassa. Nikachukua mzigo. Njiani kurudi mvua ilinishika vibaya, nikajibanza kwenye kibanda cha mamalishe hadi jua likazama. Nesi Holo simu yake haikupatikana siku nzima. Alhamisi ndiyo hiyo imeisha, na mimi niko Bariadi na boksi limefungwa kwenye mfuko wa mbolea.

Ijumaa asubuhi nikaingia njia ya kijijini. Nilikuwa nimekata tamaa, naenda tu kwa sababu nilisema nitaenda. Ukungu ulikuwa umekaa chini chini juu ya mashamba, unaona vichwa vya watu lakini miguu huoni. Matope yalinishusha mara nyingi, nikawa nasukuma. Mahali fulani nikaanza kusikia kengele. Za ng'ombe, nyingi, zinalia pole pole, na sioni mnyama hata mmoja. Nikasema basi, wameshafika.

Nilipofika zahanati, nikakuta akina mama wamejaa barazani, wanacheka.

Nesi Holo akatoka. Mfupi, mnene, sweta juu ya sare. Akaupokea ule mfuko wa mbolea kama anapokea mtoto.

"Umechelewa," akasema, "lakini hujachelewa."

Nikamuuliza, si nimesikia kengele?

"Wako ng'ambo ya mto. Wamezuiwa."

"Na nani?"

Wale akina mama wakaanza kucheka upya. Ikabidi nisubiri wamalize.

Kumbe Jumanne, waliposikia sijapata karatasi, walikaa kikao chao palepale barazani. Mbuke ndiye aliyetoa wazo. Wakapiga simu kwa waume zao, kila mmoja kwa wake, hadithi moja: huku nyumbani kuna ugonjwa wa miguu na midomo, msivushe mifugo kwanza.

Mnaojua Wasukuma mmeshaelewa. Ungemwambia mwanaume mke wako anaumwa, angeongeza mwendo. Umwambie kuna ugonjwa wa ng'ombe, anasimama palepale alipo, anapiga kambi, na hatavuka hata umpe nini. Kundi zima likasimama ng'ambo ya mto, wanaume wanaonekana kwa mbali wanakoka moto, wanakula ugali wao huko.

Bwana mifugo wa kata alikuja mbio kuulizia ng'ombe gani anaumwa. Wakamwonyesha mbuzi kilema. Akaondoka akiwa amekunja uso.

Nilicheka mpaka machozi, na sijui kama yote yalikuwa ya kicheko. Mimi na karatasi zangu tulikuwa tunazunguka mkoa, wao wamesimamisha msafara mzima wa ng'ombe kwa vocha ya simu.

Nesi akaanza kazi. Mmoja mmoja anaingia, anapimwa, anaulizwa maswali, anachomwa, anatoka amejishika mkono. Nilikuwa naandika leja. Nilikuwa naangalia kila anayeingia, nasubiri jina moja.

Foleni ikapungua. Ikaisha.

"Mayu," nikasema, "Mbuke yuko wapi?"

Nesi Holo akawa anapanga vitu vyake mezani. Hakuniangalia.

"Mume wake amefika Jumatano."

Nikaifunga leja.

Akanieleza. Maduhu, mume wa Mbuke, aliposikia kuna ugonjwa, wenzake wakakaa ng'ambo na kundi. Yeye akawaza ndama wake waliobaki nyumbani. Akakodi pikipiki, akanunua dawa ya mifugo njiani, akaja peke yake. Uongo uliowazuia waume wa wenzake ndio uliomleta wa kwake siku moja kabla.

"Nimtafute?" nikauliza. "Niende kwake?"

"Uende kwa mke wa mtu ukamwambie nini? Kaa chini."

Nikakaa kwenye benchi barazani. Nesi akaniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, nikashindwa kumeza. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua, kila kitu kinatoa mvuke, ng'ambo kengele zinalia, na mimi nimekaa pale naona usingizi unanichukua na kunirudisha. Nikawa namwona Mbuke, ambaye sijawahi kumwona, anashuka ngazi za hospitali, kisha anapanda, kisha hayupo. Niliwahi kufiwa, lakini hofu ile sikuwahi kuionja. Kwenye msiba unalia na wenzako. Hapa kosa lilikuwa langu peke yangu, na nilikuwa nimelifanya nikiwa nimekaa kwenye kiti kizuri chini ya feni.

Sijui ilikuwa saa ngapi alasiri. Nikasikia pikipiki.

Ilisimama mbele ya zahanati. Mwanaume mrefu, mwembamba, sweta limejaa majani makavu mgongoni, anatoa harufu ya zizi mpaka nilipokaa. Nyuma yake akashuka mwanamke na mtoto mgongoni. Nikamjua kabla hajafungua mdomo.

Yule mwanaume akamsalimia Nesi Holo kwa adabu, goti kidogo limepinda. Akasema, "Nimemleta. Nimesikia dawa imekuja."

Nesi akamtazama. "Maduhu, tangu Jumatano upo nyumbani."

"Nipo."

"Na?"

Maduhu akajikuna shingo. Mbuke alikuwa anaangalia chini, lakini niliona shavu lake limevimba kwa kicheko anachokizuia.

"Nilifika, nikaangalia ndama, wazima. Nikamuuliza huyu, ugonjwa uko wapi? Akaniambia ukweli. Hakuna ugonjwa, ila dawa yake imehamishwa. Mimi ndiye niliyesaini hospitali siku ile wanampasua. Waliniambia niwe tayari kwa lolote. Sasa ningefanyaje? Nikachukua blanketi nikaenda kulala na ndama. Siku mbili hizi."

Mimi nilikuwa nimesimama na kalamu.

Wakuu, muda wote huo kichwani kwangu huyu mtu alikuwa ni tarehe. Alhamisi. Kitu kinachokuja, cha kuwahiwa, cha kufichwa. Sikuwahi hata mara moja kufikiri kwamba anaweza kuwa upande wetu.

Halafu akanigeukia.

"Wewe ndiye bwana dawa?"

"Ndiyo, kaka."

"Ndiye uliyehamisha?"

"Ndiyo. Ni mimi."

Akanitazama kwa muda. Hakuwa na hasira, heri angekuwa nayo.

"Mimi nina ng'ombe," akasema. "Wa kwangu, nimewarithi na nimewanunua. Nikitaka kumhamisha hata mmoja, kumpeleka mnadani au mbugani, namuuliza kwanza huyu mama mwenye nyumba. Maana yeye ndiye anajua maziwa ya watoto yanatoka kwa yupi." Akatikisa kichwa. "Wewe ulimuuliza nani?"

Sikuwa nimemuuliza mtu.

Nikamwambia hivyohivyo. Sikumuuliza mtu, kaka, nisamehe. Akasema yameisha, akanipa mkono. Mkono wake ulikuwa mgumu na wa moto.

Mbuke akaingia ndani na nesi. Alipotoka, Nesi Holo akasimama mlangoni akawaambia wote wawili utaratibu. Kwa kuwa alikuwa ameacha muda mrefu, dawa inataka siku saba kwanza ndipo waitegemee. Akamwangalia Maduhu, akamuuliza kama ampe zile kondomu za kwenye boksi kwa wiki hiyo, maana sasa wanajuana ukweli.

Maduhu akaziangalia. Akamwangalia mke wake. Akaniangalia mimi, mgeni, kijana, Msukuma wa mjini, akaona haya.

"Saba tu?" akasema. "Acha. Hao ndama wameshanizoea."

Mbuke akacheka hadi mtoto mgongoni akaamka.

Jioni ile wanawake wakapiga simu, ugonjwa ukaisha, ng'ombe wakavuka. Nilikaa kuangalia. Maji ya mto yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, wanyama wanashuka wengi wengi, vumbi hakuna tena, kengele tu na watu wanapiga mluzi. Sikutaka kuondoka pale.

Mbuke yuko salama. Mwaka jana nilipita, nikamkuta anapalilia, akaniuliza kama bado nahamisha hamisha. Yule mtoto wa mgongoni anachunga mbuzi.

Sasa funzo langu, kwa mnaofanya kazi za stoo, za mipango, za miradi, za kukaa na kompyuta na kuamua vitu vya watu walio mbali.

Kuuliza si ujinga, tunafundishwa tangu shule, ila tukishapata ofisi tunaona kuuliza ni kwa wasio na data. Siku hizi sihamishi hata boksi moja kabla sijampigia mwenye kituo, na simuulizi zimebaki ngapi. Namuuliza watu wako wapi na wanarudi lini. Kuna vijiji wanarudi na ng'ombe, kuna vijiji vya ziwani wanarudi na mwezi unavyopevuka, maana mwezi ukiwaka dagaa hawavuliwi na wanaume wako nyumbani. Haya yote wahudumu wanayajua.

Lakini kinachonikosesha raha mpaka leo siyo hicho. Niliwahi kuifungua tena ile Excel, nikaipitia mstari kwa mstari nikitafuta nilipokosea. Wakuu, hakuna. Kila namba ilikuwa sahihi. Ningeweza kumzika yule mama na bado kwenye kikao wakanipigia makofi.

Nimemaliza. Kama umewahi kuharibu jambo la watu ukiwa na takwimu zote mkononi, njoo hapa chini usimulie, nisikae peke yangu kwenye hili benchi. Na mwenye kutaka kunisema aniseme, nitasoma yote.